Miguu Kwanza: Maisha ya Mwalimu wa Fidla na Densi za Kale

Marehemu tunayemsindikiza leo alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake na jina alilopewa na watoto wa watu, na la pili ndilo lililoshinda. Ukiuliza mwalimu wa fidla anakaa wapi, watu walikukodolea macho. Ukisema Mwalimu Miguu Kwanza, hata muuza magazeti wa pale posta aliacha wateja wake akakuonyesha mlango.

Alizaliwa Jumamosi, tarehe 3 Machi 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani humo na mama yake alikuwa mpishi wa shule. Kwa miaka tisa alikuwa mtoto peke yake, na aliizoea hali hiyo vizuri. Tarehe 20 Agosti 1971 akazaliwa mdogo wake. Jioni ile baba alimkuta mlangoni amevaa viatu vya shule, nguo zake zote amezifunga ndani ya shuka.

"Safari ya wapi, mama?" baba akamuuliza.

"Nahama. Si mmeshapata mwingine?"

"Unahamia kwa nani?"

"Kwa jirani. Wao hawana mtoto, watanipenda peke yangu."

Baba alicheka mpaka akajipangusa machozi. Akamshika mkono, akamwingiza ndani kumwona mtoto. Marehemu alimtazama kichanga yule juu chini, akasema, "Mbona hana hata shingo?" Kisha akarudisha nguo zake kabatini. Mama yetu mzazi alipenda kusimulia habari hiyo, na kila alipoisimulia mabinti wote wawili walinuna, kila mmoja kwa sababu zake.

Alisoma shule ya msingi ileile alikopikia mama yake. Fidla aliikuta huko mwaka 1973, imetundikwa ukutani katika chumba cha ramani, nyuzi mbili zimekatika. Mwalimu wa muziki, bibi mmoja mwembamba ambaye hakupenda maneno mengi, aliitia nyuzi mpya akampa. Kipande cha kwanza kilikuwa minueti, densi ya zamani sana ya watu waliovaa mavazi mazito. Marehemu aliipiga kama askari anayekwenda gwaride. Yule bibi hakumgombeza. Alisukuma madawati ukutani, akamvua viatu, akamfundisha kuicheza: unakunja goti, unainuka kwa ncha za vidole, unapiga hatua ndogondogo kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Ndipo akamrudishia fidla. Marehemu alisema siku ile alijua kwamba muziki ule haukuandikwa kwa ajili ya watu waliokaa vitini.

Baada ya sekondari alichaguliwa kwenda chuo cha muziki katika mji mwingine, akasoma huko tangu 1981 hadi 1984. Mdogo wake aliishia shule ya msingi, akashika cherehani. Kila likizo marehemu alirudi na sanduku lake jeusi la fidla, na wageni waliokuja kumwamkia waliuliza habari za sanduku. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za cherehani. Mdogo wake aliwatilia chai, akatabasamu, na rohoni mwake alikuwa anakata kitambaa vipande vipande.

Marehemu alianza kazi Januari 1985 katika shule mbili, na kuanzia 1994 alifundishia nyumbani kwake, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Sebule ile haikuwa na zulia wala meza. Viti vilipangwa ukutani na sakafu ya mbao ilisuguliwa mpaka ikang'aa. Mtoto akifika mara ya kwanza na fidla yake mpya, amejiandaa na mama yake amejiandaa, marehemu aliichukua ile fidla akaiweka juu ya kabati.

"Mwalimu, tumekuja kujifunza fidla," mzazi alisema.

"Najua. Miguu kwanza. Mikono itafuata."

Wapo waliokasirika wakaondoka na watoto wao. Waliobaki waliona wenyewe. Kila mtoto alipewa kipande chake kimoja cha densi ya kale, cha kupiga peke yake, bila kinanda cha kumsaidia. Marehemu aliwaambia: "Hapa hakuna wa kukubeba. Ngoma ukiiacha ianguke, imeanguka." Kabla ya kupewa nota hata moja, mtoto alicheza ile densi mpaka mwili uijue. Sarabanda waliicheza polepole, uzito wote wakiuegemeza kwenye hatua ya pili, kama mtu anayeingia nyumba yenye mgonjwa. Jigi waliiruka kama waliokanyaga makaa, na mwenye duka la dawa akigonga dari kwa ufagio, marehemu naye aligonga sakafu kumjibu, na daima alimjibu kwa mapigo ya jigi.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi seremala, ambaye tunaye hapa leo. Walikutana fidla ilipopasuka tumbo na marehemu akatafuta mtu wa kuiunga. Shemeji yetu huyo husimulia kwamba alipopeleka posa, jibu lilikuwa, "Wewe cheza minueti, mimi nitafikiri." Akaicheza, akamkanyaga vidole viwili.

"Sasa mbona ulimkubali?" watu walimuuliza marehemu.

"Alinikanyaga kwa wakati wake," akajibu.

Waliishi pamoja miaka thelathini na sita. Shemeji aliwatengenezea watoto wa mtaa fidla ndogo, za kutosha mikono yao, na kila ukuta wa nyumba ile uliota misumari ya kuzitundika. Kitanda cha mtoto alikitengeneza pia, mapema, mwaka wa pili wa ndoa. Baadaye alikigeuza rafu ya nota. Katika nyumba ile jambo hilo halikuzungumzwa, na mgeni aliyelianza alihudumiwa chai haraka.

Mwaka 2004 mdogo wake alijaliwa binti, na familia ikambandika jina la Kidoti kwa ajili ya alama iliyo juu ya mdomo wake. Kidoti alikuwa na miaka saba alipopelekwa kwa mama yake mkubwa kujifunza. Nia ilikuwa atulie, maana nyumbani alikuwa hashikiki. Hakutulia, lakini alipata mahali pa kupelekea miguu. Mama yake alimleta kila Jumatano na Jumamosi, akakaa kwenye benchi la korido, mlango ameuacha wazi kidogo, upindo wa sketi za wateja mapajani. Alishona na kuchungulia, kwa sababu alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utoto wake, na kwa sababu kicheko alichokisikia mle ndani hakikuwahi kusikika nyumbani kwake.

"Funga huo mlango, upepo unaingia," marehemu aliita.

"Upepo gani, Dada? Leo hata jani halitikisiki."

"Basi uache. Lakini ukichungulia, chungulia vizuri. Unamtazama mtoto usoni. Kazi iko chini."

Onyesho la Novemba 2014 watu wengi bado wanalikumbuka. Kidoti alikuwa na miaka kumi na alipewa gavoti. Gavoti ina tabia yake: haianzii pale unapotarajia. Mwalimu anahesabu moja, mbili, na mpigaji anaingia kwenye tatu, kama mtu anayeingia chumbani wenzake wakiwa katikati ya mazungumzo. Mama wa Kidoti aliisikia ile tatu kupitia mlangoni, na damu ikamchemka. Aliamini dada yake anamchelewesha mtoto kwa makusudi, ili mtoto wa mwenye duka la dawa, aliyepewa jigi, ang'are peke yake. Basi nyumbani, kando ya cherehani, akamsahihisha: "Ingia kwenye moja, kama watu wazima. Usikubali kuachwa nyuma." Mtoto akatii kote kuwili. Juu ya duka la dawa aliingia kwenye tatu, kando ya cherehani aliingia kwenye moja, na hakumwambia yeyote.

Siku ya onyesho, katika ukumbi wa maktaba, wote wawili walikuwa chumba kimoja. Marehemu amekaa mstari wa mbele, mama amesimama mlango wa pembeni na sindano mkononi endapo upindo utafumuka. Kidoti akapanda, amevaa gauni la kijani alilolishona mama yake, akainua upinde. Akamtazama mama mkubwa. Akamtazama mama. Upinde ukabaki hewani. Watu wakaanza kukohoa.

Ndipo marehemu akavua viatu. Akasimama mbele ya ukumbi mzima, mwanamke wa miaka hamsini na ushee mwenye soksi za kahawia, akaanza kuicheza gavoti kimyakimya, hatua kwa hatua, mkono mmoja umeshika sketi. Kidoti akazitazama zile soksi, midomo ikahesabu, na akaingia. Akaingia kwenye tatu. Alipiga mpaka mwisho bila kuinua macho kwenda mlango wa pembeni, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi.

Kwenye korido maneno yalitoka.

"Umeniibia mtoto mbele za watu!" mdogo mtu alisema.

"Mimi? Nani alimfundisha moja?"

"Mimi mama yake!"

"Wewe mama yake, sawa. Gavoti nayo ina mama yake. Uliza kabla ya kusahihisha."

"Unajidai kwa sababu wanakupigia makofi."

"Na wewe unajidai kwa sababu akilala anakuita wewe," marehemu akasema, akaenda kutafuta viatu vyake.

Hawakusemezana mpaka mwaka mpya. Kidoti alikwenda na kurudi kati yao kama kawaida, kila Jumatano na Jumamosi, akibeba salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Mwaka 2018 Kidoti alipata nafasi katika sekondari iliyo mtaa wa pili kutoka kwa marehemu, na ikaamuliwa ahamie kule. Mama yake alitafuta kila sababu. Alisema ngazi zina mwinuko mno. Alisema harufu ya dawa inapanda kutoka dukani. Alisema mtoto anaota ndoto mbaya akilala ugenini.

"Kwangu si ugenini," marehemu alisema.

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," mdogo wake akajibu.

Mtoto akahama. Kila Jumamosi mama alipanda zile ngazi, akijifanya amekuja kuchukua nguo za kufua ilhali nguo zilikuwa zimeshafuliwa na kukunjwa. Alikagua kucha za mtoto. Alinusa mto wake. Siku moja aliona kwenye fremu ya mlango wa jikoni mistari ya penseli, shemeji alikuwa anampima Kidoti urefu, na roho ilimuuma kuliko siku ya gavoti, kwa sababu mtoto alikuwa amerefuka vidole viwili na yeye alikuwa hajui. Jumamosi iliyofuata Kidoti aliita kutoka bafuni, "Mama, taulo!" Wanawake wawili wakainuka kwa pamoja. Marehemu ndiye aliyekuwa na taulo.

Haya yanasemwa hapa kwa sababu marehemu hakupenda wasifu wa kupakwa sukari. Aliwahi kutoka katika mazishi ya mtu mwingine akinong'ona, "Huyo waliyemsoma ni nani? Mimi nilikuja kumzika jirani yangu." Alikuwa mtu mwenye wivu na alikiri waziwazi. Mwanafunzi wake akienda kwa mwalimu mwingine wa muziki, alimwamkia barabarani kwa adabu zote, kisha akageuka kwa mumewe: "Umeona anavyotembea? Wamemharibu." Na mdogo wake hakuwa nyuma. Walitoka tumbo moja.

Mwezi Mei 2022 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Alisema ni viatu, akanunua vingine. Mwezi Julai alishindwa kumaliza ngazi, akakaa katikati yake, akamwambia mwenye duka la dawa aliyemkuta pale kwamba alikuwa anasubiri mtu. Madaktari wa hospitali kuu walisema moyo umechoka. Walimpa dawa, wakamkataza chumvi, ngazi na kucheza. Ngazi alishindwa kuziacha kwa sababu nyumba ilikuwa juu. Chumvi aliipunguza. Kuacha kucheza ndiko kulikomvunja moyo, kwa sababu alikuwa na darasa la wadogo sita waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza sarabanda, na fidla zao zote zilikuwa bado juu ya kabati.

Watu walidhani Kidoti atacheza mbele ya wale watoto. Marehemu alikataa, akisema Kidoti atapiga, ili wadogo wasikie miguu na mikono kwa pamoja. Akageuka kwenye mlango uliokuwa wazi kidogo.

"We mshonaji. Ingia."

"Kufanya nini, Dada?"

"Sarabanda."

"Acha utani. Mimi sijafundishwa."

"Umechungulia miaka kumi na moja. Kama hujui wewe, hakuna anayejua. Vua viatu."

Akaweka sketi ya mteja kwenye benchi, akaingia. Sebule ile hakuwahi kuikanyaga wakati wa somo. Kidoti akainua upinde, na mama yake akakunja goti. Ya kwanza nyepesi, ya pili yenye uzito wote, kisha kupumua. Mwili wake uliijua. Aliijua minueti pia, na gavoti, na mahali inapoanzia. Wale wadogo sita walijipanga nyuma yake wakimtazama miguu kwa makini kama vifaranga, na Kidoti, ambaye kwa kawaida alipiga macho ameyafumba, siku ile aliyafumbua akampigia mama yake mpaka mwisho.

Marehemu alikuwa kitini, miguu imeinuliwa juu ya kigoda. Alisubiri watoto waondoke.

"Goti la kushoto unalikunja mno," akasema.

"Ndivyo ulivyokuwa unalikunja wewe."

"Mimi lilikuwa linaniuma." Akatazama dirishani. "Wanakutazama vizuri. Hata yeye."

"Una wivu, Dada?"

"Mpaka kwenye nyongo."

Wakacheka wote wawili, na marehemu akacheka mpaka Kidoti akakimbilia dawa. Tangu siku ile mdogo wake alicheza katika darasa lile kila Jumamosi, akikosolewa goti, hadi mwezi Septemba mwaka huu wa 2024.

Mwishoni mwa Oktoba marehemu alilazwa. Kidoti, ambaye sasa ana miaka ishirini na yuko mwaka wa pili wa chuo kilekile alikosoma marehemu, alirudi akawa anamsugua miguu kwa mafuta asubuhi na jioni. Jumatano moja mama yake aliingia wodini, akamkuta binti amelaza kichwa kwenye mto wa mgonjwa, wamelala wote wawili, pumzi zao zinakwenda pamoja. Alisimama mlangoni. Alitaka kusema mgonjwa anahitaji hewa. Akavuta kiti, akakaa, akatoa ushonaji wake.

Marehemu alifumbua macho, akasema kwa sauti ya chini ili asimwamshe binti.

"Wasifu wangu utausoma wewe. Shemeji yako atalia."

"Dada, usianze."

"Sikiliza. Kuna pale watu wanaposema marehemu hakujaliwa mtoto. Silitaki neno hilo."

"Sasa tuseme nini?"

"Utajua wewe."

"Usinitwishe jambo kama hilo."

"Nimtwishe nani? Wewe ndiye mwenye mtoto."

Mdogo wake alishona mpaka uzi ukaisha, na marehemu hakuuliza tena. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 7 Novemba 2024, saa nane mchana, mume wake amemshika mkono mmoja na Kidoti mwingine. Mdogo wake alikuwa upande wa miguu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, mwenye duka la dawa aliyembeba kwenye ngazi mara nyingi kuliko alivyotakiwa, na wazazi wa wanafunzi. Wale wadogo sita wataendelea na somo Jumamosi ijayo, saa ileile. Waje bila fidla.

Marehemu ameacha mume, fundi seremala. Ameacha mdogo wake mmoja, mshonaji. Ameacha wanafunzi ambao wengine sasa wana wanafunzi wao. Na ameacha mtoto mmoja wa kike, ambaye sasa amebakiwa na mama mmoja.

Mungu ampokee mwalimu wetu, ampe utulivu.